Mwaka Niliobeba Mchanga

Tulimzika Kashinje siku ya Jumatano, nyuma ya nyumba yake karibu na seminari ya Kipalapala, na mafrateri wanne waliokuwa wakinunua karanga kwake walikuja kuimba. Mimi nilitoka mjini asubuhi na mapema nikakaa upande wa jikoni pamoja na wanawake, tukichambua mchele kwenye masinia. Hapo ndipo niliposikia wawili walionipa mgongo wakizungumza bila haraka, kama watu wanavyozungumza msibani mikono ikiwa na kazi. "Ndiye yule?" "Yupi?" "Mrundi wa televisheni. Aliyemwanika marehemu." "Na amethubutu kuja?" "Huja siku zote. Ni fundi wake wa nguo." Yule wa kwanza akasema, "Dunia ina watu," na mwenzake akaitikia, "Ina watu kweli." Sikugeuka. Katika yote waliyosema hapakuwa na neno la uongo. Baadaye Tabitha, binti wa marehemu, ambaye sasa ana watoto wake wawili, alikuja akainama mbele yangu akasema, "Shikamoo, mama mdogo. Njoo ule ndani na sisi." Nikaitikia marahaba, nikamwambia hapo nilipo panatosha.

Watu wa Tabora wa rika langu wanalikumbuka jambo lile kwa kipande kifupi tu cha televisheni, na kila mmoja ana hakika alikiona vizuri. Sijawahi kulieleza lote. Kashinje alipokuwa hai niliona si langu peke yangu kulieleza. Sasa nimebaki nalo mimi, na nimegundua kwamba kubaki peke yako na kumbukumbu ya watu wawili ni upweke wa aina yake. Ukikosea, hakuna wa kukusahihisha.

Nilikuwa na miaka ishirini na minne. Nilipanga chumba Gongoni, uani kwa Bi Salma, mwanamke mtu mzima wa mjini ambaye baba yake na babu yake walikuwa washonaji, naye akawa mshonaji. Chumba changu kilikuwa na dirisha moja lenye wavu uliotoboka, kitanda, ndoo mbili, na msumari wa kutundikia nguo. Kiwanda cha kushonea kilikuwa mbele, kwa hiyo ukuta wangu ulinuka pasi ya mkaa mchana kutwa, na harufu hiyo hadi leo ndiyo naiita nyumbani. Ya kwetu Burundi na sababu zilizonitoa huko sitayaeleza hapa. Watu wa televisheni waliyatafuta sana hayo na sikuwapa. Sioni kwa nini niyatoe sasa. Itoshe kusema nilikuwa na kibali changu cha ukaazi, nilikuwa na cherehani ya kukalia, na nilikuwa na Kiswahili cha Bujumbura ambacho Bi Salma alikishona upya kama gauni la mitumba. Nikisema "niko na njaa," alikuwa akiinua macho kutoka kwenye kitambaa: "Sema nina njaa, mwanangu. Hiyo ya kwako imechoka na safari." Alinipenda kwa namna yake. Lakini Ijumaa wageni wake walipojaa sebuleni, mimi nilikuwa nakula chumbani, na hakuna aliyenifukuza wala aliyeniita.

Mwaka huo wakaja watu wa televisheni kutoka Dar es Salaam. Walitaka kutengeneza shindano waliloliita Njia ya Wapagazi: watu kumi na wawili watembee kwa miguu kutoka Kigwa mpaka Ujiji, kupitia Tabora mjini, wakifuata ilikopita misafara ya zamani, kila mmoja na mzigo wa kilo kumi na tano kichwani. Kila mwisho wa wiki washindani wangepiga kura ya siri kumtoa mwenzao mmoja, na kati ya watakaobaki mwishoni, wa kwanza kufika Ujiji angepewa trekta ndogo ya mkono, ile ya kuongoza ukitembea nyuma yake. Yote yangerekodiwa kwanza, kisha yaonyeshwe baadaye kila Jumapili jioni. Mimi sikuomba kushiriki. Kiwanda chetu kilipewa kazi ya kushona namba kwenye fulana zao, na siku nilipozipeleka nikakuta mwanamke mmoja amejitoa. Msimamizi wao mkuu, kijana mwenye kofia ambaye wote walimwita Dairekta, aliniangalia nilivyobeba furushi la fulana kichwani bila kulishika. "Unatoka wapi, dada?" "Gongoni." "Na kabla ya Gongoni?" "Burundi." Uso wake ukawaka, akanipa nafasi ya yule aliyejitoa. Nilidhani amefurahia nguvu zangu.

Tulianzia stesheni ya Kigwa, asubuhi, watu wa kijiji wakiwa wamesimama kando ya reli kututazama. Mzigo wenyewe ulikuwa mchanga ulioshonewa ndani ya turubai. Mzee mmoja aliyekuwa akisubiri treni aliuliza tunabeba nini, alipoambiwa akacheka mpaka akashika goti. "Babu yangu alibeba pembe hadi pwani, akarudi na nguo. Ninyi mchanga mnampelekea nani? Ujiji hawana mchanga?" Dairekta aliamuru kipande hicho kirekodiwe tena, mzee asicheke. Mzee akakataa.

Tulilala wawili wawili kwenye mahema, na mimi nikapangwa na Kashinje. Alikuwa mwanamke wa miaka thelathini hivi, mkulima wa karanga wa huko Kipalapala, mwembamba, mwenye kucheka kwa pua. Siku ya kwanza alitazama kitambaa nilichokunja kuwa ngata akakikung'uta chote akaanza upya. "Ngata yako imelegea kama mkia wa mbwa mgonjwa. Shingo yako itakuuma hadi Ujiji." Alikunja kwa vidole vyake vigumu, akaniwekea kichwani, akabonyeza mara mbili. Sikumbuki kama kuna mtu alikuwa amenigusa kichwa tangu nifike nchi hii. Alikuwa amefunga michembe kwenye kanga, viazi vitamu vilivyokaushwa hadi kuwa kama vipande vya ngozi, na kila tulipopumzika alinikatia bila kuniuliza. Asubuhi alisali rozari haraka haraka, kisha akanisalimia kwa Kinyamwezi, "Mwangaluka, Espe," nami nikajifunza kuitikia. Siku moja akaniuliza kwetu mnasalimianaje asubuhi. Nikamwambia, "Bwakeye." Akaijaribu mdomoni, akasema inafanana na jina la ng'ombe, tukacheka wote.

Tulipita mjini Tabora, watu wakatupungia, Bi Salma akasimama mlangoni pa kiwanda na futi kamba shingoni akanitazama nikipita kama mtu asiyeamini. Kisha tukashika magharibi, kuelekea Urambo na Kaliua. Miombo ilikuwa imepukutisha majani, na mbung'o walitung'ata kupitia nguo. Tulikula ugali na mlenda, au ugali na dagaa, tukiwa tumekaa kwenye duara lililopangwa na mpiga picha. Ukikaa mahali pako mwenyewe, ulihamishwa. Nilijifunza haraka kwamba kamera huifanya hata njaa iwe kazi. Wiki ya nne, nikifua nyuma ya gari lao, nilisikia vijana wa kamera wakizungumza. "Mrundi hajalia bado." "Atalia tu. Dairekta kasema tukikaribia ziwa atalia." Ndipo nikaelewa ule uso uliowaka. Walikuwa na hema jeupe waliloliita Hema la Siri, lenye kiti kimoja na taa mbili, ambako uliingia peke yako kuulizwa maswali. Mimi niliulizwa lile lile kila mara: "Tuambie ulivyokimbia." Nami nilijibu lile lile: "Sikukimbia. Nilipanda basi."

Kila Jumamosi gari lilileta barua kutoka nyumbani kwa washindani. Kwangu hakuna aliyeandika. Jumamosi ya kwanza Kashinje alipokea yake, akaigeuza geuza, akaniambia, "Nisomee, nimesahau miwani." Tulikuwa kisimani, asubuhi, ndoo zikijaa. Nikasoma. Ilikuwa imeandikwa na Tabitha, aliyekuwa na miaka kumi na mmoja, kwa mwandiko uliolala upande mmoja kama nyasi zilizopigwa upepo. Mbuzi amezaa. Bibi anakohoa. Mwalimu amemsifia hesabu. Jumamosi ya pili miwani ilikuwa bado imesahauliwa, na ya tatu hakutaja miwani tena, alinipa tu bahasha. Hatukulizungumza. Barua ya wiki ya tano ilianza hivi: "Mama, hii nakuandikia wewe tu, usimsomee mtu." Nikaishusha karatasi. Kashinje alikuwa akitazama maji. "Endelea," akasema. Nikaendelea. Mtoto alikuwa ameandika kwamba shuleni wanamwambia mama yake amekwenda kutafuta bwana kwenye televisheni na hatarudi, na kwamba yeye hulilia chooni ili bibi asimwone. Nilipomaliza Kashinje aliichukua karatasi akaikunja ndogo kabisa akaitia kifuani. Tukabeba maji. Nisiseme uongo: Jumamosi zile ndizo zilikuwa siku zangu nzuri kuliko zote za mwaka ule. Nilisoma barua za mtoto wa mwingine kwa sauti, na kwa muda ule mfupi ilikuwa kama kuna mtu ananiandikia.

Tulifika Usinge tukiwa tumebaki saba. Ilikuwa mchana, nimetoka kuanika nguo kwenye kichaka nyuma ya Hema la Siri, nikasikia sauti ya Kashinje ndani. Dairekta alimuuliza angejisikiaje mgeni akishinda. Kashinje akasema: "Espe ni kama mdogo wangu. Lakini trekta? Hana hata tuta moja la karanga. Akipewa ataipeleka kwao. Sisemi ni mtu mbaya. Nasema si wetu." Nilisimama pale na shati bichi mkononi. Nimelifikiria neno lile miaka karibu ishirini, na leo naona alikuwa akisema jambo la kawaida la mtu anayelima kwa jembe la mkono na ana mtoto wa kumlisha. Trekta ile ingeweza kuligeuza shamba lake lote. Mimi ningeifanyia nini, kweli? Lakini siku ile sikufikiria. Nilihisi tu kwamba ngata, michembe, bwakeye, vyote vilikuwa adabu anayopewa mgeni anayepita.

Saa moja baadaye wakaniita mimi. Dairekta aliniuliza, nani kati yenu hastahili kufika Ujiji? Angeweza kuniuliza hivyo wiki zote na nisimjibu. Nikasema: "Kashinje. Kashinje hajui hata kusoma. Barua za mwanawe namsomea mimi. Ati amesahau miwani! Hana miwani, hajawahi kuwa nayo. Akipewa trekta, maandishi yake atamsomea nani?" Na nikacheka. Hilo ndilo hunijia mara kwa mara, ule mcheko, kwa sababu maneno mtu anaweza kusema yalimponyoka. Dairekta hakucheka. Alitazama kamera kuona kama taa yake nyekundu inawaka.

Jumamosi ile tulipiga kura na Kashinje akatoka. Mmoja wa waliomwandika jina ni mimi. Alikumbatia kila mtu, na alipofika kwangu akanivuta pembeni akanitia kanga yake ya michembe kwenye begi. "Nenda kaichukue hiyo trekta," akasema, macho yakiwa mekundu. Sikujua kama anamaanisha. Huenda alimaanisha pale, na hemani pia alimaanisha. Wakati ule nilidhani mtu ana moyo mmoja tu kwa wakati mmoja. Gari likamchukua kurudi Tabora.

Kuanzia hapo nililala peke yangu kwenye hema la watu wawili. Tulivuka Malagarasi, tukapita Uvinza, na kila kijiji tulichoingia lugha ya watu ilizidi kuikaribia yangu, mpaka asubuhi moja mwanamke aliyekuwa akianika muhogo alinisalimia nami nikamwitikia kwa Kirundi kabla sijafikiri, na yeye wala hakushtuka. Akaniuliza mzigo huo ni wa nini. Nikamwambia ni mchanga. Akanitazama kwa huruma. Nilitamani kukaa chini pale nianike muhogo naye, lakini mpiga picha alikuwa amefika, na mwanamke alipoona kamera akaingia ndani. Ujiji nilifika wa pili, nyuma ya mwanariadha mmoja kutoka Singida. Walinisimamisha mbele ya ziwa, Dairekta akaninong'oneza, "Tazama kule milimani, dada. Nyumbani." Nikatazama. "Ile ni Kongo," nikamwambia. Akasema haidhuru, watazamaji hawatajua. Sikulia. Nililia kesho yake, kwa mama lishe mmoja pale Kigoma, bila kamera, aliponiuliza kwa lugha iliyofanana na yangu kama niongezewe mboga.

Niliporudi Gongoni, Kashinje alikuwa wa kwanza kuja kuniona. Alikuja na mfuko wa karanga mbichi na Tabitha mkononi, mtoto mrefu, mwembamba, mwenye kunitazama sana. "Huyu ndiye Mama Ngata legevu," Kashinje akamwambia, na mtoto akanipa shikamoo. Nikaitikia, nikashindwa kumtazama. Nilijua mambo aliyoyalilia chooni. Bi Salma, aliyeona hatimaye nimepata shoga, akasema watu hawa waje kutazama kipindi kwake, kwani huko kwao televisheni hakuna. Hivyo kila Jumapili jioni, kwa wiki sita, Kashinje na binti yake walikuja kutoka Kipalapala kwa baiskeli, wakavua viatu mlangoni, wakaketi mkekani pamoja na majirani. Bi Salma alitengeneza kahawa na kashata. Mimi, niliyekuwa nakula chumbani Ijumaa, sasa nilikuwa na mahali pangu sebuleni, mkono wa kulia wa Kashinje. Watu walipiga makofi tulipoonekana tukikunja ngata. Nilikuwa na furaha na nilikuwa naoza. Kila Jumapili ilipokwisha bila Usinge nilipumua, kisha Jumatatu ikaanza kunihesabia siku upya.

Nilimpigia Dairekta simu. Nilimsihi akikate kipande changu cha Usinge. "Dada Espe," akasema kwa upole, "hicho ndicho kipande chetu bora kuliko vyote. Watu watakupenda." "Sitaki kupendwa. Nataka mkikate." "Ulisaini," akasema. Ilibaki njia moja, kumwambia Kashinje mwenyewe kabla hajaona. Nilikuwa na siku sita. Siku mojawapo nilifika hadi njia panda ya Kipalapala nikarudi. Nilijiambia labda umeme utakatika Jumapili hiyo.

Umeme haukukatika. Sebule ilijaa. Kwanza akatokea Kashinje kwenye kioo, kwenye kile kiti, na maneno yake yakatoka yote, tuta la karanga na trekta na "si wetu." Kashinje aliyekuwa kando yangu akaweka kikombe chini taratibu. "Espe," akasema kwa sauti ndogo, "ile siku mimi..." Hakumaliza, kwa sababu uso wangu ulikuwa umetokea. Nilijisikia nikisema. Nilijisikia nikicheka. Jirani mmoja naye akacheka, kicheko cha mtazamaji tu, kisha akaziba mdomo. Walikuwa wameyaweka maneno yetu yakifuatana kama watu wawili wanaotupiana mawe, na hakuna aliyejua kwamba la pili lilikuwa zito kuliko la kwanza, isipokuwa sisi watatu. Maana Tabitha alikuwa amegeuka kumtazama mama yake. "Mama," akasema, "barua zangu alikuwa anasoma yeye?" Kashinje akainuka. "Hata ile?" "Vaa viatu," Kashinje akasema. Mtoto akavaa, akakosea mguu, akavua, akavaa tena, na sote tukasubiri. Walipotoka Bi Salma alizima televisheni.

Majirani walipoondoka alibaki akikusanya vikombe. "Bi Salma," nikaanza, "yeye ndiye aliyetangulia. Nilimsikia kwa masikio yangu." Hakuacha kukusanya. "Yeye kakosa na wewe umekosa," akasema. "Lakini kosa lako lina mtoto ndani yake."

Wiki zilizofuata mji uligawanyika. Wengine sokoni walimpitishia Kashinje magazeti waliyoyageuza juu chini, wakicheka. Wengine walikuja kiwandani kunipa pole kwa kuitwa mgeni, wakaagiza na nguo. Wachache walilichukua lile "si wetu" wakanirushia njiani. Sijui kipi kilinielemea zaidi. Niliendelea kushona. Sebuleni sikualikwa tena, au labda nilialikwa nami sikuenda. Hapo kumbukumbu yangu siiamini. Ukuta wangu wa nyuma ulipakana na sebule ya jirani, na Jumapili jioni nilisikia nyayo zangu mwenyewe zikitembea kwenda Ujiji, na watu wakisema, "Huyu mwanamke ana roho ngumu."

Jumapili moja asubuhi, kipindi kilipokwisha kuonyeshwa, nilikwenda Kipalapala kwa miguu. Nilimkuta Kashinje uani, amekaa kwenye kigoda, rundo la karanga mbele yake, anamenya. "Hodi," nikasema. Hakuitika. "Mwangaluka," nikasema. Akamenya. Tabitha alichungulia mlangoni, akaniona, akarudi ndani. Nilikuwa nimeandaa maneno njia nzima, na yote yakawa mepesi kama maganda. Nikasema, "Nimekuja kuomba radhi." Kwa kuwa hakunifukuza, nikakaa chini, nikavuta karanga, nikaanza kumenya. Tulimenya hivyo mpaka jua likapita utosini. Neno alilonipa siku ile lilikuwa moja tu. "Hizo ni za mbegu," akasema. "Usizivunje." Nilipoinuka kuondoka hakuinua kichwa.

Nimekwisha kusema kwamba nilikuwa fundi wake mpaka alipofariki. Watu hudhani hapo katikati kulikuwa na siku tuliyokumbatiana. Haikuwapo. Wala Kashinje hakujifunza kusoma, ingawa parokiani palikuwa na darasa la watu wazima na padri alimfuata mara mbili. "Nimefika hapa bila hiyo," alimjibu. Kilichokuwapo ni siku moja ya mvua za mwanzo, mwaka ule ule ukielekea kwisha. Bi Salma alikuwa amekwenda kwa dada yake Urambo, na mimi nilikuwa peke yangu kiwandani, mlango wazi, maji yakitiririka kwenye mtaro. Kashinje aliingia akakung'uta kanga yake. Nyuma yake Tabitha, amelowa mabega.

"Bi Salma yupo?"

"Hayupo. Karibu. Karibuni."

Alisimama kidogo akisikiliza mvua, kama mtu anayepima kurudi. Kisha akaweka mezani kitambaa cheupe kilichofungwa kwenye nailoni. "Mtoto ana Kipaimara," akasema. "Sikuja kukusamehe. Nimekuja kushona."

"Haya," nikasema.

Tabitha akasimama mbele yangu, mikono ubavuni, akitazama ukutani. Nikapima mabega, nikapima kifua, nikapima kiuno, nikitaja kila kipimo kwa sauti kama Bi Salma alivyonifundisha, na kukiandika kwenye daftari. Nikapima mkono. "Inchi kumi na saba," nikasema, nikaandika.

"Umesema kumi na saba," Tabitha akasema. Ilikuwa mara ya kwanza kunisemesha tangu ile jioni. "Umeandika kumi na tisa."

Nikatazama. Ilikuwa kweli. Nikakata, nikaandika upya. Kashinje alikuwa amekaa kwenye benchi la wateja, kanga yake ikichuruza maji sakafuni, na hakumtazama mtu.

"Sogea hapo karibu yake, mwanangu," akasema. "Soma kila anachoandika."

Tabitha akasogea mpaka bega lake likagusa langu. Nikaandika polepole, kwa herufi kubwa, ili asome.